Springi za Kochi la Mwalimu Batholomeo

Mwalimu Batholomeo Cornel alizaliwa Kolo, Kondoa, tarehe 14 Machi 1943. Anayesoma wasifu huu wa marehemu ni mimi William, mdogo wake. Mkisikia sauti inapanda, msilaumu spika. Ni hasira.

Alisomea ualimu wa fizikia, na mwaka 1968 akaanza kufundisha sekondari moja ya hapa mjini. Hakuhama tena.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Dorothea. Zawadi kubwa ya harusi ilikuwa kochi. Mwaka haujaisha, shemeji akarudi kutoka sokoni akalikuta limepasuliwa tumbo, bwana kakaa chini anaunganisha mipira aliyochonga kwa mbao za mninga kwa springi za kochi.

"Mume wangu, wageni wakae wapi?"

"Mkekani. Hiki ndicho chuma, mama! Mipira ni atomu, springi ndizo zinazoshikilia. Ona!"

Akagusa mpira wa pembeni, mtikisiko ukasafiri mpaka mwisho. Ukipasha chuma moto, akasema, atomu zinatikisika zaidi. Hata jiwe la kule kwetu Kolo halijatulia ndani yake. Basi mipira na springi zake vikahamia maabara ya shule, shemeji akakalia mkeka, na watoto wa watu wakaelewa fizikia.

Mwaka 1994 shule ikakodishwa kwa mfanyabiashara. Meneja wake, Bwana Ambokile, ambaye leo bila shaka kakaa mbele na shada lake, akageuza maabara kuwa ukumbi wa harusi.

"Mwalimu, hili ni soko huria. Atomu zinaingiza nini?"

Mipira ikatupwa nje, marehemu akaiokota. Springi alipewa fundi, akazitia kwenye kochi la ofisi ya meneja. Kaka aliitwa akalie kochi hilo, apewe barua ya kupunguzwa kazi. Alipokaa tu, akazitambua kwa mlio.

Presha ikaanza mwaka huohuo. Alifariki tarehe 9 Agosti 1997, akiwa amemwambia binti yake Loisi, mwalimu wa fizikia Chamwino: "Springi zangu uzidai, wanafunzi wako waone."

Desturi yetu ni kutangaza kwamba anayemdai marehemu aione familia. Leo tunaanza na anayedaiwa. Bwana Ambokile, shada tumepokea, asante. Tukitoka makaburini tunakuja ofisini kwako. Fundi wa makochi tunaye, na mkasi anao.

Marehemu ameacha mjane Dorothea, mabinti Loisi na Evelina, wajukuu, na mipira ya mninga inayongoja.

Alifundisha kwamba hakuna kitu kinachotulia kabisa. Kaka, wewe tulia. Kutikisika tuachie sisi.