Viazi Vinne vya Jana

Katika taksibisi ya kwenda Karavia, mzee Mwelwa alikuwa akijisifu kwa mama asiyemjua aliyeketi kando yake.

"Tangu nilitoka ku kazi, chai ya asubui ni mie. Nakata viazi ya jana, natia kitunguu, napasula mayai mbili, dakika kumi tunakula. Lakini bibi yangu, myaka makumi tatu ya ndoa, hayuwe kupima. Kila mangaribi viazi ine inabakia."

"Kila siku ine, papa? Hata siku moja haibakie tatu?"

Mwelwa akafikiri. "Ine."

"Basi anayua kupima," akasema mama, akigeukia dirisha asimcheke usoni.

Gari likasimama. Mwelwa akashuka polepole, kisha akamrudia shofere, ambaye hakuwa amesikia lolote.

"Na kitunguu," akamwambia, "nakikutaka kila asubui kimeisha kumenywa."