Kanda Iliyobaki ya Masumbuko

"Jumanne, tarehe nne Machi, ndiyo siku wazee wa kanisa walirekodi mahubiri juu ya kanda zangu zote za muziki wa bluzi, nyimbo zikafutika," mzee Masumbuko alimlalamikia nesi Mkenya aliyeketi naye kwenye treni. "Viongozi ni walewale, hata huku Sydney."

"Pole, mzee. Si upige harmonika upya?"

"Na mapafu haya, mama? Nimepuliza miaka arobaini, pumzi imekwisha. Imebaki kanda moja, niliyompa Bibiane wa Auburn, aliyeimba humo. Nasikia alikufa. Mumewe simjui."

Mumewe ni mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma yao. Sauti ya Bibiane sina mahali pengine ila kwenye kanda hiyo.

Treni ikasimama Auburn, kituo changu. Nesi alikuwa bado anauliza, "Sasa huyo mume, akisikia, atakubali kuitoa?"