Vikombe vya Ukingo wa Bluu

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa duka lililofungwa, mfereji ukipita mbele yake. Zamani wageni walipita hapa na taulo mabegani wakienda ufukweni, na Kamera, mpiga picha, hakuwahi kumaliza kahawa yake ingali ya moto. Siku hizi anamaliza, anaongezewa, na hakuna anayemwita. Jioni hii mnunuzi angekuja kuchukua ile kamera iliyompa jina, na roho ilimuuma kweli kweli.

Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki, alikuwa hewani.

— Wageni wamekimbia plastiki. Na plastiki inamwagwa na meli za nje, usiku, sisi tumelala.

— Meli gani? akauliza Mpishi, aliyepunguzwa kazi hotelini. — Ni wenye hoteli za ng'ambo. Wananunua taka, wanatuletea, ili wageni wahamie kwao.

— Basi ni bahari yenyewe. Imetuchoka, inatapika.

— Na chupa za soda za duka la pale, imezilia wapi?

— Usinivurugie hoja, bwana.

Mama Birika, muuza kahawa wao, akacheka, akawamiminia tena kwenye vikombe vya plastiki.

— Mnavikumbuka vile vyangu vya kauri?

— Vya ukingo wa bluu, akasema Kamera. — Tulisikia mlio wake toka kona ile, tukajua kahawa imeiva. Nina hamu navyo, dada yangu.

— Kuosha kulinichosha. Hivi unakunywa, unatupa, kazi kwisha.

Binti mmoja akasimama mbele yao, picha mkononi.

— Shikamooni. Namtafuta aliyepiga hii.

— Marahaba. Hebu nione.

Ilikuwa na mhuri wa Kamera nyuma. Mbele, mtoto wa kike amekaa mabegani kwa baba yake, na mchanga mweupe mtupu mpaka majini. Kamera akaukumbuka mchanga ule.

— Ni mimi, mwanangu. Baba hajambo?

— Tumemzika mwaka huu. Nataka unipige pale pale aliposimama.

— Pole sana. Kaa kwanza, unywe kahawa.

Kamera hakumkaribisha kwa ukarimu. Alikuwa anaona haya kumpeleka. Pale aliposimama baba mtu, sasa chupa na mifuko vinafika kwenye vifundo vya miguu.

Binti akanywa, akamaliza, akatazama huku na huku.

— Hiki nakitupa wapi?

Redio, kwa mazoea, akaonyesha mfereji. Vikombe vyao vya asubuhi vilikuwa vinaelea humo, vikisogea taratibu.

— Na maji haya yanaishia wapi?

Hata Redio alizima. Mama Birika akawa anafuta birika lililokwisha kuwa safi.

Kamera akakichukua kikombe mkononi mwa binti, akakitia kwenye mkoba wake, akainuka.

— Mnunuzi akija, mwambieni kamera iko kazini. Twende, mwanangu. Tukiufuata huu mfereji, tutafika pale pale aliposimama baba yako.