Mama Tulinagwe, Aliyekatazwa Kutembea

Wachungaji, wazee wa usharika, majirani zetu wa Mwaya, na ninyi mliotoka Matema, Kasumulu na Mbeya, mugonile. Mimi ni Aliko, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu. Jana nilikuwa na karatasi nyingine, iliyosema mama aliugua kwa muda mrefu na Mungu akampenda zaidi, dada yangu Kisa akaisoma, akaikunja na kunirudishia, kwa hiyo leo nasoma hii niliyoiandika upya, na sauti ikikatika naomba mnivumilie.

Tulinagwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Matema, mtoto wa tatu wa mzee Angetile na bibi Prisca, wakulima wa mihogo. Alisoma shule ya msingi hapohapo Matema kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na mwaka 1975 akawa mwalimu wa elimu ya watu wazima, akienda kijiji hadi kijiji kwa miguu, ubao mdogo kwapani, na wapo humu wazee waliojifunza kuandika majina yao kwa mkono wake.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, Yakobo Mwakibinga, hapa Mwaya, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1981, Kisa mwaka 1984, ambaye ni muuguzi huko Mbeya, na Jubilate mwaka 1988. Akaacha ualimu, akalima mpunga na kakao, na kila siku ya soko alibeba mchele kichwani, akaenda na kurudi kwa miguu, mpaka sote watatu tukamaliza shule.

Tarehe 9 Februari 2021 mama alipimwa akakutwa na kisukari na shinikizo la damu, sukari ikisoma kumi na tano. Alipewa dawa, na daktari akamwagiza atembee kila siku, kwa maelezo kwamba misuli inapofanya kazi inaitumia ile sukari iliyozidi kwenye damu. Kisa akamletea simu inayohesabu hatua, akamkataza kuanza na makubwa, akampangia hatua elfu mbili kwa siku, na kila baada ya wiki mbili aongeze mia tano, avae viatu vya kufunika vidole, na jioni ajikague nyayo kama kuna kidonda. Mama alifuata maagizo hayo kama mwanafunzi, na ilipofika Novemba mwaka huohuo alikuwa anafikisha hatua elfu sita, sukari imeshuka hadi saba, presha imetulia, analala usiku kucha, na daktari akampunguzia kidonge kimoja.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Januari 2022, nikiwa ofisini kwangu Kasumulu, ninakofanya kazi ya uwakala wa forodha, mteja mmoja wa huku kwetu alisema mbele za watu kwamba amemkuta mama yangu barabarani kwa miguu, hana mzigo, hana jembe, na alipomuuliza anakwenda wapi alimjibu anatembea tu. Watu wakacheka, mmoja akaniuliza kama sisi watoto tumeshindwa hata kumpandisha mama bodaboda, nami nikaona aibu, aibu ya kijinga kabisa, maana huku kwetu mtu haonekani njiani bila safari, na mama wa mtu mwenye kazi yake haonekani njiani kwa miguu. Wiki hiyohiyo nilinunua pikipiki, nikamkabidhi jirani yetu Amon, nikampa sharti moja, kwamba mama asitembee. Amon yupo hapa, naomba asilaumiwe na mtu, alifanya nilichomwagiza.

Nanyi majirani mlimheshimu mama, kila aliyemkuta njiani alisimamisha chombo chake ampakie, naye aliona vibaya kukataa wema wa mtoto wa mwenzake, akapanda. Hatua zikashuka hadi mia tisa. Akaanza kuzunguka shamba la kakao nyuma ya nyumba kila jioni, nako maneno yakazuka, mtu mzima anazunguka nyumba peke yake anatafuta nini, yakanifikia Kasumulu, nikampigia simu nikamwambia aache. Akaniuliza, nitembee wapi sasa, mwanangu, nami nikamjibu, kaa utulie mama, kazi ya kutembea umeshaimaliza. Hakuniuliza tena, akakaa. Kisa alinipigia mara tatu mwezi ule akinisihi, nikamwambia asinifundishe kumtunza mama yangu.

Sukari ilipanda tena hadi kumi na saba, uzito ukaongezeka, miguu ikaanza kufa ganzi, na tarehe 3 Mei 2024 mama alipata kiharusi upande wa kulia. Daktari aliniambia kiharusi kina sababu nyingi na nisijitwishe yote, nilimshukuru, lakini sijapata nafuu kwa maneno hayo. Julai mwaka huu, katika mazoezi ya hospitali, mama alitembea hatua kumi na moja akiwa ameshika bega la Jubilate, akauliza simu yake iko wapi ili zihesabiwe, na simu hiyo nilikuwa nimeshampa mwanangu achezee. Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, alitutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuvunia mpunga tukiwa hospitali, wenzangu wa mpakani, mzee Athuman wa Kyela mjini aliyetuletea maturubai na viti, na Amon, aliyembeba mama mgongoni siku ile ya kiharusi. Ndaga fijo.

Limebaki moja, nalo halimo katika ratiba. Baba yetu, mzee Yakobo, ana kisukari hichohicho tangu mwaka jana, ameambiwa atembee, na tangu Jumatano hajainuka kitini ila kwa haja. Gari lilikuwa limeandaliwa kumpeleka makaburini, mwendo usiofika kilomita moja, na Kisa amempima asubuhi hii akasema anaweza kwenda akipumzika njiani, kwa hiyo gari nimelirudisha. Baba, nakuomba mbele ya watu hawa, naogopa, sina ujanja mwingine, inuka twende. Nanyi majirani, kuanzia kesho mkimkuta barabarani msalimieni, halafu mpiteni, msimpakie, hata akiwa peke yake, hata jua likiwa kali, mnitukane mimi lakini yeye mwacheni atembee. Leo jeneza litafuata mwendo wake, akisimama tutasimama, na ikifika jioni hatujafika, tutazika jioni.

Mama yetu, lala kwa amani.