Picha Ijae Tangu Kuwasha: Mzee Kashindye Masunga Anang'atuka

Ifikapo tarehe 30 Juni 2014, Mzee Kashindye Masunga, fundi wetu wa chumba cha kompyuta hapa Chuo cha Ualimu Lusungo, Kilolo, atakuwa ametimiza miaka arobaini ya utumishi, na siku hiyo hiyo anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Apolonia, mkufunzi niliyegombana naye kuliko wote, niandike habari zake kwa ufupi na kwa heshima. Heshima ipo tele. Ufupi tutaona mbele ya safari.

Mzee Kashindye ni mtoto wa wafugaji waliotoka Usukumani na mifugo yao wakahamia bonde la Usangu. Ndugu zake walishika fimbo za kuchungia, yeye akashika bisibisi. Mwaka 1974 aliajiriwa Mbeya kwenye gari la sinema la serikali, kwanza kama mtunza jenereta, baadaye kama mwendesha projekta. Vijana wa leo hawalijui gari lile. Lilikuwa Land Rover lililoingia kijijini mchana likitangaza kwa kipaza sauti, na giza likishaingia watu walikaa chini mbele ya turubai jeupe wakaonyeshwa filamu za uzazi salama, mbolea na magonjwa ya mifugo. Mzee anaapa kwamba kutoka Tunduma hadi Mafinga hakuna kiwanja cha mpira ambacho hajapigilia vigingi vya turubai. Ukimbishia, jiandae kusimuliwa kiwanja kimoja kimoja.

Mwaka 1976 walifika Chimala na filamu ya josho la ng'ombe. Siku hiyo alikuwa na haraka, akaliweka gari karibu mno na turubai, na picha ikawa ndogo. Akalirudisha nyuma, picha ikamwagika pembeni, na ng'ombe wa kwenye filamu akabaki kiwiliwili kitupu huku kichwa chake kikiangukia ukuta wa duka la jirani. Bujiku, baba yake mdogo, alikuwa mbele kabisa na wafugaji wenzake. Alisimama akatamka wazi kwamba yeye hajadili dawa ya ng'ombe asiye na kichwa, na wenzake wote wakamwunga mkono. Filamu ikasimamishwa, gari likasogezwa mara nyingi tu, mpaka kichwa na mkia vikaenea kwenye turubai. Ndipo mkutano ukaendelea, na josho likakubaliwa.

Aibu ile ilimkaa moyoni. Tangu hapo alijiwekea sheria kwamba picha ijae turubai tangu inapowashwa, hata zile namba za mwanzo wa filamu ambazo watazamaji wengine hawazijali. Sheria hiyo ilimpatia hata mke. Mwaka 1978, pale Iyunga, binti mmoja aitwaye Tupokigwe alimfuata baada ya onyesho kumwambia kwamba ni mara ya kwanza anaona sinema isiyokata miguu ya watu. Mzee mwenyewe husema alisifiwa kazi. Mama anasema alikuwa anapita tu. Ndoa ipo, watoto wapo, hukumu tunawaachia wao.

Magari ya sinema yalipochakaa, mwaka 1988 alihamia kwetu kama fundi wa vifaa vya kufundishia. Kompyuta zilipoingia akazipokea kwa mikono miwili, akajifunza kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa kuharibu. Simsingizii, nilikuwepo.

Sasa nifike kwenye kisa kinachofanya nisiweze kuandika ukurasa huu bila kutabasamu. Kompyuta zetu za msaada zina mifumo miwili ya uendeshaji ndani yake. Ukiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, programu ya kuwashia inakuonyesha ukurasa wa kuchagua uanze na mfumo upi. Ukurasa huo ulikuwa unatoka kwa rezolusheni ya chini kabisa, yaani nukta chache za kuchorea picha, zikavutwa kwa nguvu zitoshe kioo. Herufi zilitoka zimevimba na kufifia kingo. Sisi wenye macho mazuri tulikuwa tunabahatisha na kuendelea na maisha.

Atuganile hakuweza kubahatisha. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa mwisho mwenye uoni hafifu, msichana wa milimani Mbeya, mchapakazi, mwepesi wa kucheka. Ndani ya mfumo alikuwa na programu ya kukuza maandishi, na hapo hakuna aliyemuweza. Shida ilikuwa pale mlangoni. Mtihani wa vitendo ulikuwa na sehemu mbili, kila moja na mfumo wake, kompyuta ziligawiwa kwa kura, mpangilio wa mistari haukufanana kati ya mashine na mashine, na mtahiniwa haruhusiwi kusaidiwa. Asiposoma ukurasa ule mwenyewe, anafeli. Akifeli, ualimu basi. Alishaanza kuzungumzia kurudi nyumbani kulima viazi, na alivyokuwa anajifanya analizungumzia kwa mzaha, roho yangu iliuma.

Mzee Kashindye alipolisikia hilo alikasirika kama vile ametukanwa yeye. Alitangaza chumba kizima kwamba atauweka ukurasa ule kwenye rezolusheni kamili ya kioo, kwamba kazi ni ya asubuhi moja, na kwamba anayetaka kushuhudia aje na chai. Tulikwenda na chai. Chai ikapoa. Kila kipimo alichoiandikia programu ya kuwashia, mashine ilikipuuza ikarudi kwenye herufi zake zilizovimba. Yeye akaisemesha kwa Kisukuma, na sijaomba tafsiri.

Mkufunzi mwenzetu Fanueli ndiye aliyemtoa kwenye tope. Alimshauri kwanza aiulize kadi ya picha, ile iliyo ndani ya kompyuta, inavijua vipimo gani, badala ya kuilazimisha kisichokuwemo. Orodha ikatoka, wakachagua kipimo kilicholingana na kioo, wakawasha upya. Loo! Ukurasa ukajaa kona hadi kona, safi, unang'aa. Tulishangilia kwa dakika chache, kisha tukasogea karibu. Nukta zilipoongezeka, herufi zilikuwa zimesinyaa zikawa kama sisimizi. Atuganile aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akatikisa kichwa.

Hapo wengine tungekata tamaa. Mzee hakukaa hata chini. Alisema ukubwa wa picha umeshapatikana, sasa kilichobaki ni kuzinenepesha herufi, na zikinenepa safari hii hazitafifia kwa sababu nukta zipo za kutosha. Wakatengeneza herufi kubwa, nene, nyeupe juu ya nyeusi. Ili ajue ni mashine zipi ameshazirekebisha, Mzee aliandika juu kabisa ya ukurasa maneno mawili makubwa: SKRINI ZIMA.

Ndugu wasomaji, mnajua Kiswahili chetu cha huku. Tunasema nyumba zima, kijiji zima, familia zima, na tunaelewana. Mzee alimaanisha skrini nzima. Hakumwambia mtu yeyote, akaondoka zake kula.

Darasa la mchana likaingia, wakawasha. Atuganile alikuwa mstari wa nyuma, ameegemea kiti. Alitazama kioo, akanyoosha mkono, akazima. Wenzake wakamtazama, wakatazama vioo vyao, nao wakazima. Mzee aliporudi alikuta kila skrini chumbani nyeusi, akapiga ukelele uliosikika hadi jikoni, akiuliza nani kakata umeme. Atuganile akajibu kwa adabu kwamba umeme upo, Baba, ila imeandikwa tuzime.

Mzee alifoka akiuliza imeandikwa na nani, wapi. Kisha akageuka, akapima kwa macho umbali kati ya kiti cha msichana na kioo. Mimi na Fanueli tulitazamana. Msichana hakuwa ameinama. Hakuwa ameuliza mtu. Alikuwa amesoma, akiwa wa kwanza chumba kizima, kutoka pale alipokaa. Jamani, nililia mbele ya wanachuo na sioni haya. Mzee Kashindye alicheka mpaka akashika meza, akamwomba awashe asome tena, na tena, mashine hii na ile, mpaka kengele ya kutoka ikagonga.

Alifanya mtihani bila kusaidiwa, akafaulu. Mzee alisahihisha maneno yale baadaye, kwa shingo upande, akidai kwamba kosa ni la Kiswahili si lake.

Mzee wetu Kashindye, asante kwa mikono yako, kwa makelele yako, na kwa kukataa kwako kuridhika na picha nusu. Wewe na Mama mkaonje raha ya kukaa, mle wali wa Usangu, mcheze na wajukuu, na Mungu awazidishie afya. Ofisi usiihofie. Baada ya kufundisha shule ya msingi, Atuganile amehamishiwa kwetu. Jumanne tarehe 1 Julai, saa mbili asubuhi, yeye ndiye atakayefungua kile chumba na kuziwasha mashine zote.