Shamba la Piti Ligawanywe

Aristides, Deodata, Emilian, sogeeni karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na jirani yetu Adelfina abaki hapo hapo awe shahidi, asije mtu kesho akasema mama yenu alikuwa anaweweseka.

Sikilizeni, wanangu. Baba yenu Piti mlimjua akiwa mzungu mzee wa hapa Mugoma, anayelima maharage pekupeku, lakini alipofika hapa alikuwa hipi. Walikuja kundi zima, wake kwa waume, nywele mgongoni na shanga shingoni, ndani ya gari lililochorwa maua, wakielekea kusini, gari likawafia kwenye mteremko wetu. Babu yenu akawapa pa kulala, nao wakapapenda, wakasema hawaondoki. Walituambia wamekimbia kwao kwa kuchoshwa na vita na kugombania mali, na kwamba kati yao hakuna changu wala chako: chungu kimoja, shamba moja, hata shati huvaliwa na aliyewahi kuamka.

Msidhani ulikuwa upuuzi mtupu. Wanaume wao walifua nguo mtoni mbele za watu, na sikuona aliyempiga mwanamke. Piti alinibebea ndoo ya maji, nikaona haya, kisha nikazoea. Ila niliona na jambo jingine: jioni wakipiga gitaa na kuvuta bangi yao, aliyekoka moto na kumenya ndizi alikuwa msichana yuleyule mmoja, na mahindi yasiyo na mwenyewe hayakupata wa kuyapalilia. Njaa ilipowabana wakanuniana, wakarudi makwao mmoja mmoja. Piti alibaki kwa sababu malaria ilikuwa imemlaza, na mimi na bibi yenu ndio tuliomnywesha uji.

Alipopona, wakaja vijana wa hapa kijijini, zama zile za kuwakamata wenye nywele ndefu, na kaka yangu Anatory ndiye aliyemshika mikono wakimnyoa kwa wembe mkavu. Piti aliosha damu, akamkaribisha pombe ya rubisi. Mimi sikuweza. Anatory akija msibani mwamkieni, mpeni kiti na chakula, ni mjomba wenu. Kinyongo ni changu, naondoka nacho, msikirithi.

Sasa shamba. Baba yenu mpaka anakufa alikataa kuweka mpaka, akisema ardhi haina mwenyewe. Nilimpenda, lakini hapo alikosea, na ninyi mmeshaanza kutazamana vibaya kwa ajili hiyo. Babu yenu alinipa mimi mteremko huu, si Piti, kwa hiyo nasema mimi: ligawanywe. Aristides, chukua juu, kando ya barabara. Emilian, migomba ya kati ni yako. Deodata, chukua bondeni penye maji, upana uleule wa kaka zako.

Usinikatize, Aristides. Najua ulichowaambia wazee: "Dada ameolewa Runazi, atakula kwa mumewe." Huyo mume amemrudisha na mabegi yake. Sasa atakula wapi? Nijibu mbele ya Adelfina.

Haya, keti. Pandeni miti ya minyaa mpakani wiki hii, nikiwa bado nasikia majembe. Lakini msimu wa kulima ukifika, limeni pamoja, la huyu kisha la huyu. Hilo la mahipi lilikuwa jema, lishikeni. Na wewe Emilian, mfulie mkeo akiwa mzazi. Baba yako alinifulia, wakamcheka, na hakupungukiwa kitu.

Deodata, nipe maji… Basi, yametosha.

Piti hakutaka msalaba, tukamzika bila msalaba. Mimi niitieni padre, niwekeeni msalaba, kisha mnilaze ubavuni kwake hivyo hivyo. Watu wakishangaa, waacheni washangae.

Inamisheni vichwa. Mungu awape mvua kwa wakati wake… awape watoto wenye afya, na wageni wenye heri… Emilian, mkono wako uko wapi? Ndiyo… Awalinde mkilala, awalinde mkisafiri… wote watatu, wote… Nimechoka, wanangu. Nifunikeni miguu.