Mkono wa Kulia wa Mwalimu Wanzala

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yako ilipo, jikoni au stendi ya boda boda, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Chrispinus Wanzala, mwalimu wa piano wa hapa Kakamega mjini. Alizikwa Jumamosi kwao Mumias, akiwa na miaka sitini na tisa. Wengine watamsifu kwa maneno laini. Mimi sitapaka asali mahali palipochomwa moto.

Mwalimu Wanzala alikuwa mkali. Baba yake alikuwa mkata miwa, na piano yake ya kwanza aliichora mwenyewe kwa makaa juu ya meza ya mama yake. Miaka thelathini na mmoja alipiga piano kanisani. Jioni alifundisha sebuleni kwake. Kanuni yake ilikuwa moja: ukikosea, unarudi mwanzo. Si mwanzo wa mstari. Mwanzo wa wimbo.

Jescah, aliyesoma kwake miaka kumi, anakumbuka. "Nimebakisha noti mbili nimalize, nakosea. Anasema, 'Rudi mwanzo, mama.' Nalia. Ananiambia, 'Lia huku ukipiga. Machozi hayana vidole.'"

Miaka mitatu iliyopita, katikati ya ibada, kiharusi kilimpiga akiwa kwenye piano. Walimtoa amebebwa juu ya benchi. Mkono wa kushoto ukafa. Jescah akachukua kiti chake kanisani. Mwalimu naye akafungua kitabu cha kwanza, kile cha watoto, akaanza upya kwa mkono wa kulia. Mkono mmoja, wasikilizaji. Mstari mmoja kwa wiki.

Mkewe, Mama Maximilla, anasema: "Alikuwa anarudianga mpaka kuku wangu wakajua huo wimbo. Namwambia, 'Baba, obusuma inapoa, ugali wako huo.' Ananijibu, 'Iache ipoe. Mstari wa tatu bado.'"

Alitaka kitu kimoja tu. Kupiga wimbo mmoja, mzima, mbele ya watu waliomwona akibebwa. Aliomba nafasi. Akangojeshwa miezi minane. Mwisho mwenyekiti wa kanisa, Mzee Barasa, akamwambia, "Mwalimu, utatuaibisha bure. Lakini sawa. Wimbo mmoja, basi."

Jumapili hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Alivaa suti ya kijivu. Alianza vizuri. Mstari wa tatu, kidole kikateleza. Mtu mwingine angeendelea, na hakuna ambaye angejua. Yeye alisimama. Akarudi mwanzo. Mstari wa tatu, kikateleza tena. Akarudi mwanzo.

Kijana mmoja wa kwaya akasema, "Kanda imekwama!" Watu wakacheka. Mzee Barasa akatazama saa, akawapungia wapiga ngoma. "Haya, tumsaidie Mwalimu! Tusifu!" Ngoma zikalia, spika zikanguruma, watu wakainuka wakacheza. Walicheza, wasikilizaji, na mzee yule bado ameinamia piano.

Jescah alikuwa kando yake akimfungulia kurasa. "Hakuacha," anasema. "Sikusikia kitu, lakini nilikuwa naangalia vidole. Alipiga mpaka mwisho. Hakukosea hata mahali pamoja. Akanigeukia, akaniuliza, 'Wamesikia?' Nikamwambia, 'Ndiyo, Mwalimu.'"

Alifika nyumbani, akafunika piano kwa shuka. Hakuifunua tena. Siku ya kumi na moja akafa.

Jumamosi, kando ya kaburi, Mzee Barasa alishika kipaza sauti dakika arobaini. Mwalimu alikuwa nguzo. Mwalimu alikuwa taa. Mwalimu alikuwa zawadi. Mama Maximilla akainuka kwenye kiti chake.

"Mzee, keti. Mimi nilikuwa kanisani siku ile."

Akaketi.

Mama Maximilla, poleni sana, wewe na watoto wako. Jescah, pole, nawe usijilaumu. Poleni wanafunzi wote mliolizwa na mzee huyu mpaka mkajua kupiga. Na sisi wengine tutafakari: ni nani aliyetufundisha kwa subira, nasi tukashindwa kumvumilia dakika chache?

Lakini nyinyi mliocheza Jumapili ile, kwenu sina pole. Kama kuna mmoja wenu aliyeusikia mstari wa mwisho wa wimbo ule, apige simu hapa studio, atuambie ulikuwaje. Laini ziko wazi. Nangoja.